Kufuata Lebo za Mchicha Mwitu Katika Korongo Kuu la Arizona

Mwezi Septemba 2023 nilikuwa Phoenix, jimbo la Arizona, kumwona dada yangu aliyeolewa huko. Kwa kuwa kazi yangu Morogoro ni kupanga na kutunza mimea iliyokaushwa, sikutaka kurudi bila kuona wenzetu wanavyoweka kumbukumbu za mimea ya jangwani. Shemeji alikubali kuendesha gari, kwa sharti kwamba mafuta yawe juu yangu na muziki uwe juu yake. Maelezo haya nimeyaandika nyumbani kutokana na daftari na picha.

Mmea niliouchagua ni Chenopodium fremontii, mchicha mwitu ambao mwanabotania Sereno Watson aliupa jina mwaka 1874 kwa heshima ya John C. Frémont, mpima ardhi ambaye misafara yake ya miaka ya 1840 ilirudi mashariki na mafurushi ya mimea mikavu. Ni wa familia moja na mchicha wa bustanini kwetu, na jenasi yake ndiyo ya kwinoa inayouzwa kwa bei ya kuumiza madukani. Jani lake lina pembe tatu na masikio mawili karibu na kikonyo, na upande wa chini lina ungaunga mweupe. Wahavasupai, Wahopi na majirani zao walikula majani ya michicha ya aina hii, na mbegu zake walizikaanga na kuzisaga. Si mmea adimu, na hilo ndilo lililonivutia: mimea adimu huandikwa kwa uangalifu, ilhali ya kawaida huandikiwa maneno mawili na kuachwa.

Jumapili na Jumatatu, Phoenix na Tempe

Siku hizi mbili zilikwisha mbele ya kompyuta. Mtandao wa SEINet, uliochipukia Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona mjini Tempe, umeunganisha hebaria nyingi, yaani hifadhi za mimea iliyokaushwa, za kusini-magharibi mwa Marekani, na mtu yeyote anaweza kutafuta humo bila kulipa hata senti. Unaandika jina la mmea na jina la wilaya, kisha zinakuja karatasi zenye sampuli: nani alichuma, lini, wapi, na mara nyingi picha ya karatasi nzima pamoja na lebo yake. Ukibonyeza ramani, kila sampuli inageuka kuwa nukta.

Nukta hizo ndizo zilizonipeleka safari. Wachumaji wa zamani hawakuwa na kifaa cha setilaiti. Waliandika kwa maneno, na maneno yenyewe huenda yasizidi "Bright Angel Trail, Grand Canyon" na mwaka. Miaka mingi baadaye, mtu ofisini huyasoma, huchagua sehemu kwenye ramani, huweka nukta, na kando yake huandika nusu kipenyo cha shaka, yaani ni kwa mita ngapi nukta hiyo inaweza kuwa imekosea. Wanaotumia ramani hutazama nukta na kuisahau safu ya shaka. Kwenye nchi tambarare kosa la kilomita moja si neno. Korongoni, kilomita moja ya mlalo inaweza kuwa kilomita moja ya kimo, sawa na kutoka Lushoto hadi Mombo: hali ya hewa nyingine, udongo mwingine na mimea mingine. Njia ya Bright Angel huanza ukingoni kwenye kimo cha mita 2,090 hivi na kushuka zaidi ya mita 1,300 hadi mtoni. Je, mchicha huu ulichumwa wapi katika urefu wote huo?

Kwa atakayefuata: pakua picha za lebo zote kwenye simu kabla ya kuondoka mjini, pamoja na namba ya katalogi ya kila karatasi, kwa sababu chini ya ukingo mtandao ni wa kubahatisha. Hebaria nazo zitembelewe kwa miadi. Mimi niliandika barua pepe wiki tatu mapema.

Jumanne, Phoenix hadi Flagstaff

Umbali ni kama kilomita 230 kwa barabara kuu namba 17. Tuliondoka saa moja asubuhi tukiwa na chapati na njegere za dada, jambo zuri, maana kaskazini ya mji wa Anthem barabara ilikuwa ikipanuliwa na tukakaa kwenye foleni zaidi ya saa nzima, malori mbele na nyuma, jua likipiga kioo. Shemeji alizima muziki mwenyewe bila kuombwa, nikajua hali ni mbaya.

Kupanda kwenyewe ni somo la botania la bure. Phoenix iko kwenye kimo cha mita 330 hivi na Flagstaff kwenye mita 2,100. Saguaro, ile midungusi mirefu yenye mikono inayoonekana kwenye sinema, inaisha ghafla pale unapofika juu ya mteremko wa kwanza, kisha zinakuja nyasi, mireteni mifupi, na mwishowe misonobari mirefu na hewa ya kuvaa sweta. Mwaka 1889 mwanabiolojia C. Hart Merriam alikuja milima ya hapa na korongoni, akatumia mpangilio huu wa mimea kwa kimo kujenga hoja yake ya kanda za uhai.

Moteli kando ya reli ilikuwa dola 94 kabla ya kodi. Treni za mizigo hupita usiku kucha, kwa hiyo omba chumba cha nyuma.

Jumatano, hebaria ya Flagstaff

Deaver Herbarium iko ndani ya Chuo Kikuu cha Northern Arizona na ina sampuli zaidi ya laki moja. Mlangoni niliulizwa kama nina mmea wowote mbichi mkobani. Swali hilo huulizwa pia kwetu, na kwa sababu ileile: mdudu mmoja wa hebaria akiingia na tawi bichi anaweza kula kabati zima kimyakimya. Kinachotoka porini hugandishwa kwanza kwenye jokofu ndipo kiingie.

Karatasi zililetwa mezani zikiwa kwenye majalada, nami nikazifunua moja baada ya nyingine, kila moja ikilala chali, kwa kuwa sampuli haigeuzwi kama ukurasa wa kitabu. Moja nimeiandikia nusu ukurasa wa daftari. Shina lilikuwa na urefu wa kiganja na nusu, limebandikwa kwa vipande vyembamba vya karatasi yenye gundi. Majani manne ya chini yalikuwa yamegeuka rangi ya chai, na moja lilipinduliwa kwa makusudi na mchumaji ili ungaunga wa chini uonekane. Kwenye kona ya juu kulikuwa na kibahasha cha karatasi kilichohifadhi mbegu zilizoanguka. Chini kulia kulikuwa na lebo iliyopigwa kwa taipureta, na juu yake vipande viwili vya karatasi vya watu wawili tofauti, wa kwanza akisema mmea ni wa spishi nyingine, wa pili, miaka mingi baadaye, akiurudisha kwenye fremontii.

Mabishano hayo si ya ukaidi. Michicha hii hutambulikana kwa tunda lililokomaa. Chini ya hadubini, mbegu ya fremontii ni nyeusi, ya kama milimita moja, na ngozi ya tunda hubanduka kirahisi. Ile ya Chenopodium berlandieri ina ngozi iliyong'ang'ania mbegu na vishimo vilivyopangika juu yake. Mchumaji aliyepita mwezi Juni na kukata tawi lenye maua tu amewaachia wajukuu wake kazi ya kubahatisha. Ndiyo maana kabla ya kuuliza kama nukta iko mahali pake, inafaa kuuliza kama jina liko mahali pake.

Mama mmoja mstaafu anayejitolea hapo siku mbili kwa wiki alikuwa akibandika sampuli kwenye meza ya jirani. Aliposikia natoka Tanzania aliniuliza kuhusu Amani, kwa kuwa amewahi kuona jina hilo kwenye lebo. Nikamweleza kwamba Hebaria ya Afrika Mashariki ilianzia huko Usambara mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950, na kwamba sisi pia tunazo lebo zinazosema "Usambara" na kunyamaza. Alicheka, akafungua droo yake na kunipa lenzi ya mkononi yenye kukuza mara kumi. Nilipotaka kumrudishia jioni alikataa katakata.

Alhamisi, Cameron na Lees Ferry

Tulielekea kaskazini kwa barabara namba 89. Baada ya kama kilomita 85 unafika Cameron, ndani ya Taifa la Wanavajo, na hapo simu zetu ziliruka saa moja mbele. Arizona haibadilishi saa wakati wa kiangazi, lakini Wanavajo hubadilisha, kwa hiyo mwenye miadi aangalie anahesabu saa za nani. Duka la Cameron limekuwepo tangu 1916, na ndani yake kuna mkahawa unaouza mkate wa kukaangwa uliofunikwa maharage, nyama, jibini na saladi. Sahani moja kwa dola 17 ilitushinda sote wawili.

Nje ya mji mama mmoja wa Kinavajo alikuwa akiuza shanga kando ya barabara. Nilinunua bangili, na shemeji, mdadisi kuliko mimi, akamwonyesha picha ya mchicha kwenye simu. Mama aliitazama, akaikuza kwa vidole, akasema bibi yake alikuwa akichuma majani ya jamii hiyo baada ya mvua za Julai, yakiwa machanga, na kuyachemsha. Kisha aliona chupa zetu zimebaki na maji kidogo, akatupa galoni nzima kutoka nyuma ya gari lake. Hakutaka malipo. Nikaongeza hereni.

Lees Ferry iko kilomita 200 hivi kutoka Flagstaff. Kabla ya kufika unavuka mto kwenye daraja la Navajo: lile la 1929 limeachiwa waenda kwa miguu, na pacha wake wa 1995 hubeba magari. Tembea hadi katikati ya lile la zamani. Tulimwona kondori wa California ametulia kwenye chuma chini yetu, na namba yake ikisomeka kwenye bawa.

Ukiacha gari Lees Ferry unafika ukingoni mwa mto Colorado kwa hatua chache, jambo lisilowezekana karibu kote kwingine katika nchi hii ya makorongo. Hapa walipita Elzada Clover na Lois Jotter, wanabotania wa Chuo Kikuu cha Michigan, mwezi Julai 1938. Walianza Green River, Utah, tarehe 20 Juni, kwa mashua tatu za mbao chini ya uongozi wa Norman Nevills, wakawa wanawake wa kwanza wanaojulikana kupita Korongo Kuu zima kwa maji na kutoka salama. Magazeti ya wakati ule yalishughulika zaidi na uanawake wao. Wao walikuwa wakishughulika na kukausha mimea kati ya karatasi huku mashua zikijaa maji na mchanga ukiingia katika kila kitu. Orodha yao ya mimea ilichapishwa mwaka 1944.

Thamani ya kazi hiyo ilipanda kwa sababu wasiyoitarajia. Kama kilomita 25 juu ya Lees Ferry kuna bwawa la Glen Canyon, lililoanza kuzuia maji mwaka 1963. Kabla yake mto ulikuwa mwekundu kwa tope na ulifurika kila mwaka, ukisomba vichaka vya kingo. Leo unapita wa kijani, baridi na angavu, na kingo zimeshikwa na vichaka visivyosombwa. Anayetaka kujua kingo hizi ziliotesha nini kabla ya 1963 hana pa kwenda ila kwenye karatasi na orodha za watu kama hawa wawili. Picha za ndege haziwezi kumwambia ni mchicha upi uliota chini ya jiwe.

Tulizunguka shamba la kale la Lonely Dell, karibu na mto Paria. Kando ya uzio nilikuta mchicha wenye majani mapana yanayong'aa na harufu nzito, nikautambua mara moja: Chenopodiastrum murale, mgeni kutoka Dunia ya Kale, yaani Ulaya, Asia na Afrika, gugu ambalo hata Afrika Mashariki tunalo. Nilisafiri nusu ya dunia kukutana na jirani. Fremontii haikuwepo. Kimo cha hapa ni chini ya mita 1,000 na kivuli ni haba, kwa hiyo sikushangaa.

Ijumaa, Desert View hadi Mather

Kiingilio cha hifadhi kilikuwa dola 35 kwa gari, nacho kilidumu siku saba. Lango la mashariki la Desert View lilikuwa na magari matatu tu, ilhali waliotokea kusini walitusimulia foleni ndefu. Tulisimama kwenye magofu ya Tusayan, kijiji cha Wapueblo cha karibu mwaka 1185. Mbegu za michicha ya Chenopodium hupatikana mara kwa mara kwenye majivu ya majiko ya vijiji vya namna hii, zikiwa zimeungua lakini bado zinatambulika, na wanaozitambua hufanya hivyo kwa kuzilinganisha na mbegu za kwenye vibahasha vya hebaria.

Kambi ya Mather ilikuwa dola 18 kwa usiku, nafasi ikiwa imewekwa miezi kadhaa kabla. Usiku ulikuwa wa baridi kali na paa wakubwa walipita kati ya mahema.

Jumamosi, njia ya Bright Angel

Walinzi wa hifadhi huonya watu wasitembee chini ya ukingo kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni wakati wa joto. Tulianza saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa taa za kichwani. Kushuka na kurudi siku hiyohiyo hakuhitaji kibali, ila kulala chini kunahitaji. Kuchuma mmea wowote bila kibali cha utafiti ni kosa la jinai. Nilibeba rula, lenzi na kamera, basi.

Baada ya tundu la pili katika mwamba, chini ya kuta nyeupe za jiwe la mchanga la Coconino, njia inaingia kwenye eneo la kivuli ambalo jua hulifikia kwa saa chache tu. Hapo, chini ya mialoni mifupi, niliuona. Kwanza mmoja, kisha kundi zima, mingine ikifika kiunoni. Nilipiga magoti na kugeuza jani kwa kidole: pembe tatu, masikio mawili, chini jeupe. Matunda yalikuwa yamebana kwenye vichala, mengi bado ya kijani, lakini moja lilikuwa limeanguka lenyewe juu ya jani la mwaloni, nalo nililiwekea lenzi lilipo. Ngozi ilikuwa imebanduka upande mmoja na mbegu ikang'aa nyeusi.

"Shemeji, ndiyo huu?" aliuliza mwenzangu. "Mbona kama ule wa bustanini?"

"Ni ndugu yake, shemeji. Simama pembeni nipige picha, kivuli chako kimeufunika."

Kilichonifurahisha zaidi ni kifaa cha setilaiti. Kuta za korongo huzuia na kurudisha mawimbi, na simu ilionyesha duara la shaka la mita 60, ikisogeza nukta hata nilipokuwa nimesimama tuli. Nikafanya kama wachumaji wa zamani, ila kwa maneno mengi zaidi: chini ya tundu la pili, mkono wa kushoto ukishuka, kwenye kivuli cha mwaloni, udongo wa mawe madogo, pamoja na kimo nilichokisoma kwenye ramani ya karatasi.

Tuliendelea kuuona hapa na pale hadi jirani na kibanda cha kwanza cha mapumziko, kisha ukapungua, na chini ya kuta nyekundu za Redwall sikuuona tena. Havasupai Gardens, kwenye mita 1,160 hivi, kuna chemchemi na mipopla mikubwa. Wahavasupai walilima hapa hadi hifadhi ilipowaondoa, wa mwisho mwaka 1928, na mahali pakapewa jina lao mwaka 2022. Nje ya bustani, kwenye uwanda mkavu, niliona mchicha mfupi wa kijivu uliojaa unga, ambao nadhani ni Chenopodium incanum. Fremontii hapana. Kutouona msimu mmoja hakuthibitishi kwamba haumo, lakini karatasi isemayo "Bright Angel Trail" tu, ambayo nukta yake imewekwa katikati ya njia, yaani karibu na bustani hii, naitilia shaka kubwa.

Kupanda kulichukua muda maradufu. Magoti ya shemeji yaligoma karibu na kibanda cha pili, na wazee wawili, mume na mke kutoka Ohio, walimpa fimbo moja ya kutembelea na pakiti ya biskuti za chumvi, wakasema fimbo tuiache kwa walinzi juu nao wataichukua jioni. Tuliiacha. Baghala wakipita, simama upande wa mlima, tulia, na umsikilize anayewaongoza.

Jumapili, kurudi

Njia ya Valle na Flagstaff haikuwa na la kusimulia. Kwa watu wawili, mafuta, malazi, viingilio na chakula vilifika dola 430 hivi, na chapati za dada hazimo kwenye hesabu.

Wiki iliyofuata nilirudi kwenye SEINet. Kila rekodi ina sehemu ya maoni, nami niliandika kwenye karatasi tatu zenye lebo fupi, nikieleza nilipouona mmea, kimo, tarehe na kivuli, na kupendekeza nusu kipenyo cha shaka kipanuliwe hadi kifunike njia nzima kuliko kuhamishia nukta pale nilipopiga magoti mimi. Mchumaji wa kwanza huenda aliuona kwingine. Atakayekwenda baada yangu aende mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, matunda yakiwa yamekomaa, na kama ana kibali cha kuchuma, achukue tawi lenye mbegu, apindue jani moja, na aandike lebo ndefu.